Kikombe cha rangi ya dhahabu, biharusi, ni dhahabu?

Dada zetu, vikombe vya titani navyo vimeshaingia kwenye orodha za zawadi za harusi. Havina neno: ni vyepesi, havishiki kutu, na maji hayabadiliki ladha. Letu sisi ni hiyo rangi.

Ukikipenda cha rangi ya dhahabu, muulize muuzaji imetoka wapi. Kama titani imepitishwa umeme, hapo hakuna dhahabu wala rangi ya kupaka. Umeme huongeza unene wa utando wa oksaidi juu yake, na mwanga ukipita humo tunaona manjano, buluu au zambarau. Lakini kama kimechovywa dhahabu ya kweli, sisi tunasema kiache dukani, hata iwe tabaka jembamba vipi. Mtume (S.A.W.) ametukataza kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, na harusi haibadilishi hilo.

Tungeulizwa sisi, tungechukua kile cha kijivu kisichong'aa. Kinachong'aa kama kioo hushika kila alama ya kidole, na nyumba ya biharusi haikosi wageni. Cha rangi nacho usikisugue kwa waya wa sufuria: ule utando ukikwaruzika, rangi imekwenda.