Malka za Tana: Mali ya Wote Isipoandikwa Huwa ya Mmoja

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutajwa mno madukani na katika vyama vya akiba. Ni nadra kutajwa kandokando ya mto. Hata hivyo, pachache panaistahili kama Masalani, mji wa Ijara katika Kaunti ya Garissa, ambako njia za kuyafikia maji ya Tana zimetunzwa kwa vizazi na vizazi kwa mazoea na kauli ya wazee pasipo maandishi yoyote.

Katika miji mingi yenye maziwa, ugomvi wa ukingoni huwa juu ya bustani: je, chama cha wapiga makasia kiruhusiwe kujenga banda la mashua zake mahali ambapo kila raia ana haki ya kupunga upepo? Kenya haikosi kumbukumbu ya mizozo ya jinsi hiyo. Mwaka 1989, palipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi, bustani ya umma yenye ziwa dogo na mashua za kukodi. Profesa Wangari Maathai alipinga, akabezwa hadi bungeni, lakini hatimaye mradi ukaachwa. Masalani hapana ziwa wala chama cha makasia. Pana mto, na pana malka. Swali, hata hivyo, ni lile lile: mahali pa maji panapokuwa pa wote, ni nani aruhusiwe kupafunga, na kwa idhini ya nani?

Neno malka lina asili ya Kioromo, na maana yake ni kivuko au mahali pa kuufikia mto. Limo hata katika jina la Malka Mari, mbuga ya taifa iliyo kando ya mto Daua, Mandera. Kando ya Tana, malka ni ushoroba utokao malishoni hadi ukingoni, ukipita baina ya mashamba. Waorma, Wasomali na Wapokomo wote wanalijua neno hilo. Msimu wa mvua mifugo hutawanyika nyikani na kunywa katika malambo. Kiangazi kikishika na malambo kukauka, mfugaji hana pa kukimbilia ila mtoni. Kwa mkulima, ukingo uo huo ndio shamba lenyewe: ndizi, maembe, mahindi na mpunga hustawi kwa rutuba iachwayo na mafuriko. Kwa hiyo, mgogoro wa malka si wa mwenye haki na dhalimu. Ni wa haki mbili zinazokutana mahali pamoja, tena katika msimu wa dhiki.

Zamani haki hizo zilipatanishwa na wazee: Gasa kwa Wapokomo, Matadheda kwa Waorma na maslaha kwa Wasomali. Ardhi ilikuwa tele na neno la mzee lilitosha. Hali hiyo imebadilika. Miradi ya kilimo cha umwagiliaji ya Hola na Bura ilichukua sehemu kubwa ya ukingo wa magharibi. Mabwawa ya umeme ya juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yaligeuza mwendo wa mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba na malisho. Pampu ndogo ya mafuta nayo imemwezesha mkulima kulima hata wakati wa kiangazi, yaani wakati ule ule ambapo mifugo inashuka mtoni. Fauka ya hayo, kaunti za Garissa na Tana River zimekuwa zikivutana kuhusu mpaka: je, ni mto wenyewe au ni maili tatu mashariki ya mto? Ng'ombe mwenye kiu hajui ni kaunti gani anayoikanyaga, lakini mwenye ng'ombe hujikuta akiambiwa kwamba amevuka mpaka.

Wapo wasemao kuwa heri malka zibaki kama zilivyo, kwa kuwa karatasi ndiyo iletayo fitina. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Mnamo 2001, shughuli ya kupima ardhi na kutoa hati za mashamba katika Tana River ilichochea hofu kubwa miongoni mwa wafugaji, na damu ikamwagika. Tena kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, na ugomvi wa malisho na maji ulikuwa miongoni mwa chanzo chake. Lakini tatizo la 2001 halikuwa kuandika. Tatizo lilikuwa kuandika nusu. Shamba lilikuwa likitafutiwa hati, ilhali njia ya kupita shambani ilibaki mdomoni mwa wazee. Pale ambapo haki moja ina hati na nyingine haina, isiyo na hati ndiyo inayoshindwa, hata iwe kongwe kiasi gani.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Katiba ya 2010 inahesabu mito yote kuwa ardhi ya umma. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa kuhifadhiwa wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Ila ukanda wa umma usio na njia ya kuufikia ni sawa na kisima kilicho ndani ya ua wa mtu. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ina umuhimu wa pekee: inairuhusu jamii kutenga maeneo maalumu, yakiwemo ya njia na haki ya kupita. Malka inaingia humo barabara.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba Tana huhama. Malka iliyopimwa leo yaweza kuishia kwenye mkono mkavu wa mto baada ya mafuriko. Jibu ni kuandika haki, si mstari pekee: hati iseme kwamba mto ukihama, njia nayo itahamishwa kwa makubaliano, wala isifutike. La pili ni kwamba sheria husajili ardhi ya jamii moja moja, ilhali malka huunganisha jamii mbili au zaidi. Hapo ndipo wazee wanapohitajika zaidi, ili mkataba utiwe saini na pande zote, kaunti zote mbili zikishuhudia. Mkataba huo umlinde mkulima pia: upana wa njia ujulikane, nyakati za kunywesha zitajwe, na fidia ya mazao yaliyoliwa ilipwe bila kuzungushana.

Asitokee wa kudai kwamba watu wa Ijara hawawezi kukubaliana juu ya mipaka. Jirani na Masalani ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ambako wafugaji wenyewe walitenga ardhi kwa ajili ya hirola, na mwaka 2012 swala hao 48 wakahamishiwa katika eneo lililozungushiwa ua. Kama hirola aliweza kupimiwa mahali pake, ng'ombe na mgomba hawashindikani. Lakini ridhaa ya watu haina badala. Mnamo Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba baadhi ya hifadhi za jamii huko Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Viongozi wa Garissa na Tana River, pamoja na vijana wasomi wa kingo zote mbili, wana kazi iliyo wazi: kuketi na wazee, kuzitembelea malka moja baada ya nyingine, na kuziandika kwa majina yake zingali zinakumbukwa. Kazi hiyo ifanywe wakati wa mvua, maji yakiwa tele na nyoyo zikiwa baridi. Mkutano unaoitishwa kiangazini, ng'ombe wakiwa tayari wamesimama mbele ya ua wa shamba, huwa umechelewa.