Mnara ukilala, saa ya forfe nayo ilale

BARAZANI MANIEMA
Na Amisi Ramazani

Forfe ya saa 24, yaani kifurushi cha dakika za kupiga simu, ni biashara nzuri kwa mtu wa Kinshasa. Anainunua asubuhi, anaongea akiwa njiani, anamalizia dakika zake usiku. Forfe hiyohiyo ikifika kwetu Salamabila inageuka kuwa bahati nasibu. Unailipa saa mbili asubuhi, rezo, yaani mtandao, inapotea saa nne, inarudi kesho yake mchana. Ukitazama salio, dakika zimekufa. Hukuziongea, na hakuna atakayekurudishia.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na familia za upande wa Kabambare na Kasongo ni hili: kwenye simu ya nyumba tuweke forfe gani? Simu ya nyumba kwetu ni ile ndogo ya vibonyezo inayobaki na mama au bibi, ambayo namba yake inajulikana na ukoo mzima: kijana anayechimba Mwendamboko, dada anayesoma Kindu, mjomba anayefanya biashara Bukavu, binamu aliyebaki kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Kwa watu waliokimbia vita mara nyingi kama sisi, namba hiyo ndiyo anwani. Kijiji kinaweza kuhamia porini, namba inabaki ileile.

Nchi nyingine kazi hiyo ilifanywa na simu ya waya, na familia ilichagua mpango wa kulipia kila mwezi. Sisi waya haukutufikia. Shirika la serikali la posta na simu lilibadili jina, likawa ONPTZ, kisha OCPT, leo SCPT, lakini nyumba za vijijini hazikuona waya wake. Hata Kinshasa simu za waya zilikuwa hoi kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1980 mfanyabiashara Miko Rwayitare aliona heri kuanzisha Telecel, kampuni ya simu za mkononi, wakati ambapo simu moja iliuzwa kwa maelfu ya dola na ilikuwa mali ya wakubwa tu. Celtel ilikuja mwaka 2000, Vodacom ikafuata mwaka 2002, na ndipo mtu wa kawaida akaanza kuota namba yake mwenyewe.

Kabla ya minara, wazee wanakumbuka foni, yaani redio za mawasiliano, za parokia na za wanunuzi wa dhahabu. Unakaa kwenye benchi, unangoja zamu, unasema siri za nyumba huku foleni nzima ikisikiliza. Ilikuwa tabu. Lakini fundi wa foni akishindwa kumpata mwenzake wa Bukavu, alikuambia urudi kesho. Hakukuuzia jana hewa ambayo leo haipitishi sauti.

Sasa tuje kwenye kabini, mahali pa kuuzia uniti, chini ya mwavuli. Kuna meza, daftari lenye namba za wateja, betri ya gari iliyoungwa kwenye paneli ya jua, na simu za watu zimepangwa zikichajiwa, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Mama anafika na noti zilizokunjwa.

“Mama, nikuwekee ya siku moja ao ya mwezi?”

“Weka ya siku moja, mwanangu. Feza ni kidogo.”

Hapo ndipo tunapopotea, na simlaumu mama. Feza kweli ni kidogo. Lakini tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Tunajua uniti 100 ni dola 1. Tuseme forfe ya siku moja ni uniti 30 kwa dakika 20, na ya mwezi ni uniti 300 kwa dakika 100. Kwenye karatasi, dakika ya siku moja ni uniti moja na nusu, ya mwezi ni uniti 3. Kila mtu atachagua ya siku moja. Lakini mama anampigia mwanawe aliye ndani ya shimo, ambako rezo haiingii. Anajaribu tena jioni, wanaongea dakika 5, mnara unazimika. Dakika 5 kwa uniti 30 ni uniti 6 kila dakika. Aliyenunua ya mwezi akapoteza dakika 10 na kuongea 90, amelipa uniti 3 na kidogo. Ile ya bei ndogo imemgharimu karibu mara mbili. Wahenga walishasema rahisi ni ghali. Hapa tumepata hesabu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kuuliza bei, uliza muda. Mahali ambapo rezo inakuja na kuondoka, siku za forfe ni muhimu kuliko wingi wa dakika. Kama feza ya mwezi haipatikani kwa mara moja, watoto watatu wa nyumba wachange, kila mmoja atume kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money siku moja ya mwezi iliyokubaliwa. Ndivyo tunavyochangia msiba na harusi. Simu ya mama haina sababu ya kuachwa nje.

Pili, chagua mnara kabla ya kuchagua kampuni. Tangazo la redioni halijui kilima kilicho nyuma ya nyumba yako. Azima laini ya jirani, ipime ndani ya nyumba, si juu ya kichuguu, na uipime jioni, wakati watu wote wanapiga. Rezo inayokulazimisha kutoka nje usiku si rezo ya nyumba, hasa katika eneo ambalo bunduki bado zinatembea.

Tatu, andika namba tano ambazo nyumba inazipigia zaidi, uone ziko rezo gani. Forfe ya rezo moja huwa na dakika nyingi, lakini kama mjomba wa Bukavu yuko rezo nyingine, dakika hizo hazimfikii. Aliye Nyarugusu yuko nchi nyingine kabisa: forfe ya kawaida haimhusu, na ukimpigia bila kuuliza bei, uniti zinayeyuka. Ni afadhali mpange siku na saa, na mwenye bei nafuu ndiye apige.

Nne, bakiza uniti chache nje ya forfe. Ugonjwa na milio ya risasi havingoji kabini ifunguliwe. Na laini ya bibi iandikishwe kwa jina la mtu anayeishi naye. Ikiandikwa jina la kijana aliyehamia machimbo mengine, siku laini itakapopotea, namba ya ukoo itapotea nayo.

Wenye uwezo wananiuliza kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti. Ilikatazwa nchini mwaka 2024, ikapewa leseni na ARPTC, msimamizi wa mawasiliano wa nchi yetu, mwaka 2025, na kwa duka, shule au kituo cha afya ni jambo la maana, kwa sababu haitegemei mnara wa karibu. Lakini inataka ununue chombo chake, ulipe kila mwezi na uwe na umeme wa kutosha. Kwa mama mwenye simu ya vibonyezo, bado sauti ndiyo haja yake.

Hayo ni ya kwetu kufanya. Yanayobaki ni ya kampuni na ya serikali, na hapo sitapunguza sauti. Minara ya vijijini inakula mafuta, mafuta yanapita barabarani, na barabara za Kabambare tunazijua mvua zikianza mwezi wa tisa. Mnara kuzimika naweza kuusamehe. Kisichosameheka ni saa ya forfe kuendelea kutembea wakati mnara umelala. Kampuni inajua kwa mitambo yake mnara gani umezimika, tangu saa ngapi, mpaka saa ngapi. Mashine inayoweza kukata uniti zako usiku wa manane inaweza pia kukuongezea saa ulizonyimwa.

Wengine watasema hiyo ni ndoto. Tutazame majirani. Tanzania, mwaka 2021, msimamizi wa mawasiliano, TCRA, aliweka kanuni za vifurushi, kama wanavyoita forfe huko: mteja anayenunua tena kabla ya muda kuisha anaendelea na salio lake, na anaweza kumgawia mwenzake. Kenya, Safaricom ilianza kuuza forfe zisizo na mwisho wa muda mwaka 2019. Uganda, MTN na Airtel zinauza intaneti isiyoisha muda. Baadhi ya majina hayo ni ya makampuni au koo za makampuni yaliyopo hapa kwetu. Wanachoweza Kampala hawawezi kushindwa Salamabila.

Na tusisahau kwamba tukilalamika kwa pamoja tunasikika. Tangu mwaka 2020 tulikatwa uniti za RAM, ile kodi ya kuandikisha simu: dola 1.17 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Mtu aliweka uniti, zikaliwa kabla hajasema “halo”. Kelele zikafika bungeni, na mwaka 2022 kodi ile ikafutwa. Haikufutwa kwa sababu mtu mmoja alinung'unika kabinini.

Mwaka 2025 Vodacom na Orange zilitangaza kuungana kujenga minara ya umeme wa jua vijijini, hadi 2,000 kwa miaka sita. Tunaikaribisha, na jua halihitaji lori la mafuta. Lakini huu ndio wakati wa ARPTC kuweka sharti, kabla nguzo hazijasimikwa: mnara ukizimika zaidi ya saa chache, forfe za wateja wake ziongezewe muda uleule, bila mteja kuomba.

Wakati tunangoja, wenye kabini wa Salamabila, mnalo daftari tayari. Ongezeni ukurasa mmoja. Andikeni siku na saa rezo ilipokatika, na siku na saa iliporudi. Sosiete sivile ipeleke kurasa hizo kwa ARPTC na kwa wabunge wa Kabambare na Kasongo. Bei tunaweza kubishana. Muda haubishaniwi: aliyeuza saa 24 atoe saa 24.