Chukudu ina sanamu Goma, lakini ufundi wa mwendeshaji hauna jina

Hakuna mkaaji wa Goma asiyeijua sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu pale Rond-point Chukudu. Lakini muulize mkaaji huyo mwendesha chukudu anafanya nini anaposhuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, kabichi au makala. Atajibu: "Anateremka." Neno hilo moja linameza kazi nzima.

Kazi yenyewe ni nyingi. Kabla ya safari, mzigo unapangwa na kufungwa ili usivute upande mmoja kwenye kona. Penye tambarare, goti moja linakaa juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma ardhi. Mteremko ukianza, mwendeshaji anapima mwendo kwa mguu, akikandamiza kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu kinachosugua gurudumu la nyuma. Kwenye kona anaegemeza mwili upande wa pili wa mzigo. Mbele yake kuna lori, pikipiki, mashimo na mawe ya lava. Akikosea kidogo, mzigo wa mamia ya kilo unamlalia.

Kila hatua hiyo ni ufundi, na kama ina jina kwa wenyewe, jina hilo halisikiki redioni wala halisomwi gazetini. Mji wote unasema tu kwamba vijana hao "wana nguvu". Na mtu anayehesabiwa kuwa na nguvu tu hulipwa kwa nguvu tu: bei inapatanwa kwa uzito na umbali, lakini ujuzi wa kuufikisha mzigo salama hauingii kwenye hesabu. Ajali ikitokea, husemwa kwamba breki zilikataa au kijana alikuwa mzembe. Hakuna anayeuliza ni hatua gani iliyokosewa, kwa sababu hatua hazina majina.

Mbali sana na Kivu, kuna vijana wengine ambao maisha yao ni mteremko. Ni wachezaji wa ski wanaorukia ndani ya korongo la theluji lililochongwa kama bomba lililopasuliwa katikati, kuta zake zikiwa na urefu wa karibu mita 7. Mchezo wao uliingia katika Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2014, kule Sochi, Urusi. Wao kila mruko wameupa jina, na jina lenyewe ni maelezo ya kazi.

Mtangazaji akisema "swichi kushoto dabo koku 1080 myuti", msikilizaji anayejua lugha hiyo anaona mruko hata kama yuko gizani. Swichi maana yake mchezaji alipanda ukuta kinyumenyume. Kushoto ni upande aliozungukia. Dabo koku ni kwamba mwili uliinama hewani mara mbili, ukizunguka kama kizibo kinachozungushwa kutoka kwenye chupa. 1080 ni digrii: mzunguko mmoja ni 360, kwa hiyo amezunguka mara tatu. Myuti ni namna mkono ulivyoshika ski. Mwaka 2022 kule Beijing, Nico Porteous wa New Zealand alishinda dhahabu kwa mbio zilizokuwa na miruko miwili ya 1620, mmoja kila upande. Hiyo ni mizunguko minne na nusu. Ile nusu ina sababu: anayepanda ukuta akitazama juu lazima ageuke ili ashuke akitazama chini.

Faida ya majina hayo ni kubwa. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi kosa liko wapi. Mwamuzi anaweza kutoa alama na kueleza kwa nini. Na aliye wa kwanza kufanya jambo anakumbukwa. Katika jimnastiki, Simone Biles wa Marekani ana miruko inayoitwa kwa jina lake, na jina hilo litabaki hata atakapoacha kucheza.

Lakini jina linaweza pia kumdhulumu mtu. Lile la myuti, yaani bubu, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa Chris Weddle, kijana Mmarekani aliyecheza kwenye ubao wa magurudumu. Alikuwa kiziwi, na wenzake wakauita mshiko wake "wa bubu". Hakuwa bubu, na hakuna aliyemuuliza. Ilipita karibu miaka 40 hadi bingwa Tony Hawk aliposema hadharani, mwaka 2020, kwamba mshiko huo uitwe Weddle.

Wakongomani wanalijua jambo hilo kwa uchungu. Tarehe 22 Juni 1974, katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani, Mwepu Ilunga wa Zaire alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajapiga faulo yao. Kwa miaka mingi, watangazaji wa Ulaya walicheka wakisema Mwafrika huyo hajui sheria. Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba alizijua vizuri: alifanya hivyo kwa hasira, kwa sababu wachezaji hawakulipwa pesa zao. Maelezo yake yalikuja wakati kicheko kilikuwa kimeshaenea. Usipokitaja kitendo chako mwenyewe, mwingine atakitaja kwa niaba yako, na atakitaja anavyopenda.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kutafuta majina, mji ukiwa na vita, pesa zikiwa ngumu na benki zikiwa zilifungwa Januari 2025. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ni katika shida hiyo ndipo watu wanategemea chukudu, isiyohitaji mafuta. Na kutaja ufundi hakuhitaji mfadhili.

Tena Goma imeshaonyesha kwamba neno lake linaweza kutembea. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingi, wanapoandika kuhusu gesi nzito ya kaboni inayokusanyika mabondeni na kuua mifugo na watu, hutumia neno la hapa: mazuku. Hawakulitunga wao. Walilikuta kwa wakaaji wa kando ya Nyiragongo.

Basi kazi ianze kwa wenye chukudu. Vyama vyao viwaite wazee wa barabara ya Rutshuru, viwaulize kila hatua inaitwaje, na pasipo jina walichague wao. Redio za Goma ziwape kipaza sauti, na waandishi wa habari wasiwatungie. Siku kijana wa Kibumba atakapoweza kumwambia mwenye mzigo, "Kwenye kona ile nitafanya hivi, kisha hivi, na ndiyo maana bei ni hii", mazungumzo yatakuwa ya fundi na mteja wake.