Dokta, Unafundisha Chuo Gani?

Swali hilo huulizwa kwa nia njema, na ndiyo maana linauma. Mtu yuko harusini, sahani ya pilau mkononi, shangazi anamtambulisha kwa wageni: huyu ndiye dokta wetu. Mzee wa kwanza kumshika mkono anauliza, "Ehe, dokta, unafundisha chuo gani?" Akijibu kwamba hafundishi popote, mzee anatikisa kichwa na kushusha sauti kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Leo nataka kusema na wanaouliza, na zaidi na wanaoulizwa. Tumeichukulia shahada ya uzamivu kuwa leseni ya kufundishia, na asiyefundisha tunamhesabu kuwa amepoteza miaka yake. Hata neno lenyewe linatukatalia. Uzamivu ni kuzama, na mpiga mbizi hulipwa kwa alichokileta juu. Akibaki chini tunamtafutia sanda. Vijana wa Dar es Salaam nao wana mzamiaji wao, yule anayejificha melini bila kujua atashushwa bandari gani. Nikiwatazama baadhi ya wanafunzi wetu wa uzamivu walio mwaka wa sita, naona huyo ndiye wanayefanana naye zaidi.

Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa kanuni kwamba mhadhiri sharti awe na shahada ya uzamivu. Watu wakakimbilia kusoma, nao walikuwa na haki ya kukimbia. Lakini kanuni humwambia mtu awe na nini ili aajiriwe. Haimwahidi kwamba ataajiriwa. Wengi hujikuta wakifundisha kwa vipindi, vyuo viwili vitatu kwa wiki, daladala hadi daladala, na malipo yakisubiri muhula ujao. Sisemi kwa kusikia. Nimewahi kudai chuo fulani fedha za mihula miwili, nikadai mpaka mhasibu akawa ananikimbia koridoni.

Mtazameni Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Nairobi katika anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Akiwa mhadhiri alizunguka mashambani kukusanya kupe kwa utafiti wa ndigana, na macho yakamwonyesha jambo ambalo utafiti haukumtuma: ng'ombe wamekonda, mito imejaa tope, vilima vimebaki vitupu. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mwaka 1982 aliacha kazi chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Akajikuta hana bunge wala darasa. Ila alikuwa na vitalu vya miche alivyovianza miaka mitano kabla. Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004 tunaijua sote. Mimi nawaomba mwitazame ile miaka mitano.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa uzamivu, usingoje mahafali. Ukiwa mwaka wa pili tu, tenga nusu siku kwa wiki uende wanakotumia kile unachokichunguza: ghalani, benki, hospitalini, ofisi ya takwimu. Kaa na watu wa huko, sikiliza wanalalamikia nini. Jizoeze kumweleza mama yako tasnifu yako kwa muda ule chai inapochemka. Ikichemka na hujafika kwenye jambo lenyewe, kosa si la mama.

Mpwa wangu aliandika tasnifu juu ya uhifadhi wa mahindi Kongwa. Alipomaliza akaomba kazi ya kusimamia ubora wa nafaka kwenye ghala moja Kibaigwa, na hakuitwa hata kwenye usaili. "Mjomba," akaniambia, "hawa watu hawathamini elimu." Nikamwomba wasifu wake. Kurasa kumi na moja! Makala za majarida, mikutano, majina ya wasimamizi.

"Hawa watu wananunua nini?" nikamuuliza.

"Mahindi."

"Neno mahindi liko ukurasa wa ngapi?"

Tulilikuta ukurasa wa nne, ndani ya jina la tasnifu, nalo kwa Kiingereza. Hata dumuzi, mdudu ambaye mkulima wa Kongwa anamjua kuliko anavyomjua mbunge wake, alikuwa ameandikwa kwa Kilatini.

Nikaendelea. Ulikuwa na wasaidizi? Wanne. Nani aliwalipa? Yeye, kutoka fedha za mradi, na hesabu alizipeleka kila baada ya miezi mitatu. Kaya ngapi? 120, kila mwezi, kwa miezi 14. Na masika gari lilipokwama? Waliazima pikipiki. Katika kurasa zote kumi na moja hakuna hata moja kati ya hayo. Kwake yeye huo ulikuwa usumbufu wa njiani. Kwa mwajiri, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Tukakesha, tukaubakisha wasifu kurasa mbili. Aliitwa safari iliyofuata.

Na ukiitwa, joho liache nyumbani. Utakuta bosi wako ana stashahada na miaka kumi na tano kazini, mwamkie, muulize. Yeye anataka jibu Ijumaa, na wewe umefundwa kusema kwamba utafiti zaidi unahitajika. Jifunze kutoa jibu la Ijumaa na kusema wazi lina shaka wapi. Hiyo shaka iliyopimwa ndiyo aliyokuajiria, ijapokuwa hatakwambia.

Wasimamizi nanyi, mwanafunzi akisema anataka kazi nje ya chuo, msimtendee kama mtoro. Wenye wito wa kufundisha watabaki, na wabaki kwa wito.

Nilimpitia mpwa wangu kazini ghalani mwezi wa sita, mavuno yamepamba moto. Alikuwa ametoboa gunia kwa bambo, kipima unyevu kinasoma 16, na kiwango kinachoruhusiwa ni asilimia 13.5. Mwenye mzigo, mzee wa makamo, akawa mkali: "Dokta, mahindi haya nimeyaanika wiki nzima!" Kijana hakubishana wala hakutaja asilimia. Akachota punje chache, nusu akatia kinywani mwake, nusu akampa mzee. "Ng'ata, baba." Mzee akang'ata. Punje haikulia. Akatafuna polepole, akatazama mawingu upande wa Mpwapwa, kisha akauliza ni nani hapo anayekodisha maturubai.