Tutoto twa Nyunzu si kosa

Likizo iliyopita tulikuwa wanafunzi watano juu ya lori la magunia ya ndagala, tukitoka Kalemie kwenda Kabalo. Siku zote za safari lori lilikuwa nyumba yetu: tulipika bukari kando yake na kulala chini ya turubai. Tulipofika Nyunzu gurudumu liliharibika. Dereva alipokuwa akilitengeneza, tulikwenda kutazama mpira.

Zilicheza timu mbili za mitaa ya pale pale. Hakukuwa na tiketi wala viti, na mstari wa pembeni ulikuwa ni miguu ya watazamaji. Mchezaji mmoja mdogo wa umbo aliwapita walinzi wawili, na mama aliyeuza karanga karibu yetu akapaza sauti: “Kale katoto kanajua mupira!” Baadaye akaingia mwingine mdogo kama yule, na kijana mmoja akajibu: “Tule tutoto tutabachokesha!”

Tulicheka, kisha mwenzetu mmoja akanyamaza. Muhula uliopita aliandika “tutoto” katika insha yake, na neno hilo likarudi limepigwa mstari mwekundu, pembeni pameandikwa “kosa”. Tangu siku hiyo anasema ni afadhali aandike kwa Kifaransa, maana kwa Kifaransa akikosea haoni haya.

Tuzitazame tena sentensi zile mbili. Umoja ni ka-, wingi ni tu-, na kiambishi hicho kinafuatwa na kionyeshi pamoja na kitenzi: kale katoto kanajua, tule tutoto tutabachokesha. Ba- iliyo ndani ya kitenzi ni ile ile ya bantu na batoto, mahali pa wa- ya sanifu. Upatanisho haukuvunjika hata mara moja, ingawa wasemaji walikuwa wakipiga kelele. Jozi ya ka- na tu- imo katika Kiluba, lugha ya nyumbani ya wengi wetu. Hata katika mazungumzo ya Tanzania bara na Kenya utasikia “katoto”. Mama yule hakukosea. Alifuata kanuni ambayo sisi bado hatujaiandika.

Sipingi Kiswahili sanifu. Ndicho kinachotufungulia vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na ndicho ninachoandikia hapa. Mwanafunzi asiyekijua vizuri tutakuwa tumemnyima haki yake. Lakini tukumbuke kilivyopatikana. Kamati ya lugha iliyokisanifisha tangu 1930 kwa msingi wa Kiunguja iliundwa kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya 1, inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, bila kusema ni cha Unguja au cha Kalemie.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wetu mambo mawili. La kwanza, tutenganishe alama pembeni ya insha: “si sanifu” iwe jambo moja, na “kosa” liwe jingine. Anayeandika “tutoto anajua” amekosea katika Kiswahili chochote. Anayeandika “tutoto tunajua” ametoka tu nje ya sanifu, na aambiwe hivyo. La pili, somo la sarufi litutoe darasani walau mara moja kwa muhula, twende uwanja wa mpira, sokoni na bandarini, tusikilize, tuandike, kisha turudi kuchambua. Kitivo cha lugha za Kiafrika kisichoijua lugha ya mtaa wake kitawafundisha nini wageni wakija kuuliza?

Jioni ile lori lilipona tukaendelea na safari. Mwenzetu yule anaanza tasnifu yake mwaka huu. Bado hajaamua ataiandika kwa lugha gani.