Tulivua viatu baada ya Alfajiri



Wengi wenu mnatujua kwa mashela na magauni tunayoyashona na kuyaleta Unguja. Leo tunazungumzia miguu.

Sisi ni mawifi wawili. Mmoja ni mzaliwa wa Unguja aliyeolewa bara, mwingine ni mwenyeji wa hapa Madibira, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwenye mashamba ya mpunga. Tuna fremu ya ushonaji na cherehani za kukanyaga. Miaka mitatu iliyopita mmoja wetu aliteguka kifundo cha mguu wa kulia. Hatusemi nani, maana maumivu yale tuliyabeba wote. Alichuliwa kwa mafuta ya kila aina, akafungwa, akafunguliwa. Uvimbe ukashuka, lakini mguu haukurudi. Kukanyaga cherehani saa moja ilikuwa adhabu. Kubwa zaidi, hakuweza kukaa tahiyatu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu akawa anaswali kwenye kiti kama bibi yake.

Mwishowe tukamwona mtaalamu wa fiziotherapia. Akasema mfupa na kano vimepona, ila misuli ya unyayo na kifundo imelala, iamshwe. Alimpa kazi mbili: kusimama kwa mguu mmoja, na kuokota vitambaa sakafuni kwa vidole vya mguu. Vipande vya kitambaa tunavyo tele! Kazi zote hizo zilifanywa bila viatu. Baada ya miezi minne tukaanza kutembea peku uani, kisha barabarani, kisha kukimbia kidogo.

Hapo maneno yakaanza. "Viatu mmekosa?" aliuliza mama mkwe. Tulimwelewa. Kwa kizazi chake, mguu mtupu ulikuwa alama ya shida: mtoto anatembea kwenda shule juu ya umande wa baridi kwa sababu hakuna kiatu. Hatutaki kuipamba shida ile. Mtoto asiye na kiatu apewe kiatu. Sisi tulivua kwa hiari, kwa muda, na kwa sababu.

Wala jambo hili si geni. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliopima pia wakimbiaji wa Kenya, walieleza kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, hivyo kishindo hupungua.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Bikila huyohuyo alishinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Watafiti wengine walipima watu wa kaskazini mwa Kenya waliokulia peku, wakakuta wengi wanatanguliza kisigino wakikimbia mwendo wao wa kawaida. Na mwaka 2013, utafiti wa Marekani uliwafuatilia kwa wiki 10 watu waliohamia viatu vyembamba sana vya kuiga mguu mtupu. Zaidi ya nusu yao walikutwa na dalili za mifupa ya mguu kuelemewa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: hatudhani kuvua viatu ndiko kulikotuponya. Kulikotuponya ni polepole. Mguu mtupu ulitulazimisha kwenda polepole, kwa sababu hauna sponji ya kuficha kosa. Ukikanyaga vibaya, unaambiwa hapohapo. Tulianza kwa dakika moja ya kukimbia na tano za kutembea, siku tatu kwa wiki. Wiki ya tano tulijiona mabingwa, tukaongeza mara mbili. Ndama za miguu zikakaza kama kamba, tukakaa chini wiki mbili. Mwenda pole hajikwai, na sisi tulikwenda mbio tukajikwaa.

Mkitaka kujaribu, kwanza mwoneni mtaalamu, hasa mkiwa na jeraha la zamani. Mwenye kisukari asivue viatu, maana anaweza kujikata asihisi. Hakikisheni mna chanjo ya pepopunda. Chagueni njia kavu na safi. Hapa kwetu hatukanyagi maji ya mifereji wala majaruba, kwani kichocho hupenya kwenye ngozi, na udongo mbichi wenye kinyesi huleta safura kupitia nyayo. Mlioko pwani, mchanga mgumu maji yakipwa ni bora kuliko ule laini unaozamisha kisigino na kuvuta kano.

Kuhusu stara, tunakimbia baada ya Alfajiri, njia ikiwa tupu, wawili pamoja. Nguo tumejishonea: suruali pana ya pamba, tumeongeza kipande cha pembe tatu katikati ya mapaja ili isibane, na juu yake gauni linaloishia chini ya magoti lenye mpasuo pembeni. Shungi tunalibana ndani. Anayedhani mbio si za mwanamke wa Kiislamu akumbuke kwamba Bibi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na Mtume (SAW), akamshinda, na baadaye alipokuwa amenenepa akashindwa. Imo katika Abu Daud. Humo pia Fadhala bin Ubaid amesimulia kuwa Mtume aliwaamuru wakati mwingine watembee bila viatu.

Sasa kwenu mabibi harusi. Kila msimu anakuja mtu, zimebaki wiki tatu, anasema: "Shoneni dogo, nitapungua." Mmoja alianza kukimbia kila siku kwa fujo. Alikaa kwenye kiti cha harusi akiwa na bandeji juu ya hina. Dada, gauni sisi tunaweza kulipunguza au kulifumua usiku mmoja. Mguu hauna mshono wa kufumua. Anza mapema, au anza baada ya harusi, lakini usiufanyie mwili wako kazi ya siku moja. Utaswali nao maisha yote.

Leo tunakimbia kilomita tatu. Juni baridi ikipiga, kifundo bado kinauma kidogo. Lakini kiti cha kuswalia kimerudi kwenye fremu, wateja wanakikalia wakisubiri kupimwa. Na mwenzetu anakaa tahiyatu, vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa vikielekea kibla. Alhamdulillah.