Maharamia wa Misali na chunusi wa Wete

"Mama, kwenu Pemba kulikuwa na maharamia?"

Mwanangu wa miaka 14 aliniuliza hivyo Ijumaa moja jioni, mimi nimeshika mwiko na wali uko karibu kukauka. Aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake tangu aanze sekondari, na hilo "kwenu" likanichoma kidogo. Nikamwuliza maharamia anawatakia nini. Akasema Jumamosi ni zamu yake kuongoza mchezo, na wenzake wamechoka na mapango na ngome za wafalme. Wanataka bahari.

Wazazi wenzangu wenye vijana, bila shaka mchezo wenyewe mnaujua. Ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watoto wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: baharia, mchawi, mpiga mishale. Mmoja wao ndiye msimamizi. Yeye husimulia mahali walipo na hatari iliyo mbele, wenzake wanasema watafanya nini, na dadu yenye pande 20 inaamua kama wamefaulu. Hakuna skrini, na kwangu hilo peke yake lilitosha kuuvumilia, ingawa wifi yangu wa Maskati aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba ninafuga mashetani ndani ya nyumba. Hofu hiyo si yake peke yake. Wazazi wengi wa Marekani waliupigia kelele mchezo huu miaka ya 1980, hata toleo jipya la mwaka 1989 likayaondoa maneno ya shetani na ibilisi, na baadaye yakawekwa majina ya kubuni. Mimi niliamua kuvisoma vitabu kwanza ndipo nihukumu. Nikashangaa kukuta humo viumbe ninaowajua.

Kwa mfano yule ndege Rukh, anayenyakua tembo kama mwewe anavyonyakua kifaranga. Sindbad alilikuta yai lake katika safari ya pili. Marco Polo naye alisimulia habari za ndege huyo akamweka kwenye visiwa vya kusini, upande wa Madagaska. Na Madagaska kweli alikuwapo ndege mkubwa, Aepyornis, mwenye kimo cha kama mita 3, ambaye hakuweza kuruka. Ametoweka, lakini mayai yake bado yapo kwenye makumbusho za Ulaya, na yai moja linaweza kuchukua zaidi ya lita 8. Baharia akiliona yai kama hilo halafu akaambiwa mama yake hubeba tembo, atabisha kwa hoja gani?

Halafu kuna zaratan, kasa mkubwa kiasi kwamba miti imeota mgongoni mwake. Mabaharia wanashuka wakidhani ni kisiwa, wanawasha moto wapike, na kisiwa kinaamka. Jina hilo ni la Kiarabu, saratan, maana yake kaa, neno lile lile tulilolichukua sisi tukaupa ugonjwa wa saratani. Al-Jahiz wa Basra alikitaja kiumbe hicho katika kitabu chake cha wanyama karne ya 9, na hata yeye hakuwaamini sana mabaharia. Nilipomweleza mwanangu haya aliacha simu yake mezani. Wazazi wa vijana wanajua huo ni ushindi wa namna gani.

Kilichonikera ni visiwa vyenyewe. Mwanangu alikuwa na nakala ya kisa maarufu cha mwaka 1981, The Isle of Dread, na kisiwa chake ni kizuri mno kwa mchezo: ramani yenye nafasi tupu za kujazwa kadiri unavyokwenda, mijusi wakubwa wa kale, hata maharamia wamo. Lakini wenyeji wamewekwa pale kama mapambo, ngoma zao na wafu wao wanaotembea, wakingoja wageni wenye panga waje kupata utajiri na sifa. Nikamwuliza, "Katika kisiwa hiki, bibi yako angekuwa nani?" Akatazama ramani. Hakujibu.

Basi tukaandaa kisiwa kingine. Tukachukua Misali, magharibi ya Pemba, ambako kasa hupanda kutaga mayai mpaka leo. Wazee husimulia kwamba Hadhara alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Na ndiko wageni huonyeshwa mahali ambapo eti Captain Kidd alificha mali yake. Hiyo ya mali ni hadithi tamu ya kuwapokelea watalii. Kidd mwenyewe lakini alikuwapo katika bahari yetu. Aliondoka Uingereza mwaka 1696 akiwa na kibali cha kuwakamata maharamia, akapita Madagaska na Komoro, ambako maradhi yaliwaua mabaharia wake wengi, kisha akageuka akawa anateka meli yeye. Alinyongwa London mwaka 1701.

Nikamwambia pia kwamba maharamia waliowatisha watu wetu zaidi hawakuwa na kasuku begani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kutoka Madagaska kwa mitumbwi mikubwa wakauvamia mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, wakaondoka na mateka. Magofu ya Kua yapo hadi leo. Walichokuja kutafuta ni watu, wala si masanduku ya dhahabu. Mwanangu akaandika: "Maharamia hawataki hazina. Wanataka wavuvi." Nikaona kisa chake kimepata mgongo.

Akabakia kutafuta viumbe wa majini. Nikamtajia nguva, nikamtajia vibwengo wanaotembea ufukweni usiku, na mwisho, bila kufikiri, nikamtajia chunusi. Akacheka mpaka akashika tumbo, kwa maana neno hilo yeye analijua kwa vipele vya usoni vinavyomsumbua kila asubuhi mbele ya kioo. Nikamweleza kwamba chunusi wa baharini ni pepo anayewavuta watu chini wakiogelea, na kwamba bibi alitukataza kuoga pwani adhuhuri na magharibi kwa sababu yake. Akalipenda sana.

Jumamosi wakakaa mezani, yeye na wenzake wanne. Mimi nilikuwa nakaanga sambusa, sikio liko kwao. Wahusika wao wakafika kwenye mkondo kati ya miamba, chunusi akatokea, na mwanangu akasoma kutoka kwenye karatasi yake: kinga 14, uhai 45. Dadu zikarushwa. Katika mizunguko mitatu chunusi alikuwa amekufa kwa mishale, wakashangilia, na mmoja akauliza kama tumboni mwake kuna dhahabu.

Nikajikuta nimezima jiko.

Nilipokuwa na miaka 9 mtoto wa jirani yetu pale Wete alikwenda kuoga na sisi siku ya bamvua. Tulikuwa sita. Tulirudi watano. Alipatikana kesho yake asubuhi, na watu wazima walisema neno moja tu, chunusi, kisha hawakulisema tena. Nilipokuwa mkubwa nilielewa habari za maji kupwa na mkondo unavyovuta pale mlangoni. Lakini kwa miaka mingi neno lile ndilo lililomruhusu mama yake asimlaumu mtu, wala sisi watano tuliorudi.

Sikumwambia mwanangu mbele ya wenzake. Nilingoja waondoke, nikakaa naye tukila sambusa zilizobaki, nikamsimulia kwa Kiswahili kwa sababu kwa lugha nyingine sikuweza. Kuna mahali hakufuata maneno, nikarudia. Aliniuliza jina la yule mtoto. Nikamwambia. Akauliza, "Ulikuwa umemshika mkono?" Nikasema hapana.

Wifi yangu nilimpigia simu siku ya pili, nikidhani atasema nilikwambia. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kwao walikatazwa kukitaja kabisa kitu hicho baada ya magharibi, na kwamba yeye asingeruhusu kirushiwe dadu. Sikubishana naye. Nimefikiria kumkataza mwanangu, na nimefikiria vilevile kwamba neno hili katika nyumba hii lisiposemwa mezani halitasemwa popote. Sijamkataza.

Kwa wanaotaka kujaribu na watoto wao: kanuni za msingi za mchezo hupatikana bure mtandaoni, dadu si ghali, na ramani inatosha kuchorwa nyuma ya karatasi ya shule. Acheni watoto wachore, nyinyi semeni majina. Dau, ngalawa, mlango wa bahari, kasa, pweza. Pweza wa hadithi hizi anazamisha jahazi zima, na watoto walionikuta nikimpika wa nazi siku hiyo walimtazama kwa heshima mpya.

Jumamosi iliyofuata wenzake walirudi. Nilichungulia karatasi ya mwanangu nilipokuwa napeleka juisi. Penye uhai wa chunusi alikuwa amefuta 45, hakuandika kitu. Wahusika wakarudi kwenye mkondo ule ule, maana wavuvi waliotekwa wamefungwa ng'ambo. Mpiga mishale akarusha, mshale ukapita kama umerushwa majini tu. Akarusha wa pili. Mchawi akajaribu uchawi wake, wapi. Mtoto mmoja, wazazi wake wanatoka Poland, akauliza kwa hasira sasa huyu anauawa vipi.

"Hauawi," mwanangu akasema. Akaniangalia mlangoni, kisha akawarudia wenzake. "Shikaneni mikono."

Alilisema kwa Kiswahili. Wakamtaka awafundishe kulitamka.